Pikapu Iliyofundishwa Kukunja Magoti

Leonard Mkude alizaliwa upande wa Matombo, msimu ambao mvua ilinyesha mpaka vyura wakabisha hodi kuomba pa kulala. Mama yake alisema mtoto alitoka amekunja ngumi, na walipoifungua wakakuta nati. Hilo mimi sikuliona, nasema nilivyoambiwa. Haya mengine niliyaona kwa macho yangu mawili, na baadhi yake niliyasababisha mwenyewe.

Ujana wake aliumalizia Morogoro mjini, kwenye gereji ya fundi Jitu, maana yeye hakuipenda shule na shule haikumpenda. Mwaka wa kwanza aliosha nati kwa mafuta ya taa. Mwaka wa pili akaosha bolti. Mwaka wa tatu Jitu akampa spana, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona Leonard akitembea mikono mitupu. Hata kanisani aliingia nayo mfukoni, na alipopiga goti ikagonga sakafu, padri akageuka kutazama nani kaangusha sahani ya sadaka. Alikuwa mtu mwembamba, mzito wa kusema. Ukimsalimu alikuitikia vizuri, ila macho yake yalikuwa chini ya gari lililo karibu.

Tulipoambiwa tuishi pamoja vijijini, sisi wa kule juu, ukishaipita Mkuyuni, tuliteremka kutoka kwenye vilima vyetu, kila ukoo na kuku wake, tukawa kijiji kimoja cha ujamaa. Leonard naye akarudi kwa mama yake, akapewa jembe. Jembe lilimshinda. Mistari yake ya mahindi ilipinda kiasi kwamba nyani walioingia kuiba walipotea njia, ikabidi watu wazima wakawatoe. Kwa hiyo kijiji kiliponunua pikapu, aliyeshukuru kuliko wote alikuwa mama yake. Dereva tulikuwa naye mmoja tu, na kwa bahati alikuwa yule yule aliyekuwa akiharibu shamba.

Pikapu yenyewe ilikuwa Datsun ya zamani, rangi yake kama maziwa yaliyochacha, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Tuliipata kwa Kanubhai, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kanubhai alikuwa akiibebesha saruji na mabati, na ili isilemewe akaiongezea springi za nyuma. Springi hizo ni mabapa ya chuma yaliyolaliana kama mikeka, na fundi huliita kila bapa jani. Wenzetu walikuwa na majani manne kila upande. Sisi tulikuwa na saba. Ikiwa haina mzigo ilisimama matako juu kama mbuzi anayekunywa maji mtoni, na mtu mfupi aliweza kupita chini yake bila kuvua kofia.

Tuliipenda hivyo hivyo. Gari la milimani, tulisema, lazima liwe juu. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Ramadhani Kibwana, aliwaonyesha wageni akiwa ameinua kidevu. "Mnaona? Jiwe linapita chini wala haligusi kitu."

Tabu ilikuwa vyungu. Kijiji chetu hakikuwa na mpunga kama Turiani. Tulikuwa na ndizi, na tulikuwa na Filomena. Filomena huyo ni wa ukoo wangu, na mikono yake ilijua udongo kuliko udongo ulivyojijua wenyewe. Alifinyanga vyungu vya mboga vyembamba kama ganda la yai, na mitungi mikubwa ambayo ukiinama mdomoni ukaita jina lako, jibu unalipata kesho yake. Wanawake wengine walijifunza kwake, wakawa kikundi, na mjini vyungu vyetu viligombewa. Lakini vilikuwa vinafika?

Safari ya kwanza tulipakia arobaini, na mimi nikakaa nyuma pamoja navyo. Kwenye kila jiwe nyuma ya gari iliruka kama panzi. Mimi nikaenda juu, vyungu vikaenda juu, na kila mmoja akashuka kwa wakati wake. Kabla ya kufika Mkuyuni nilikutana na chungu kimoja hewani, tukatazamana. Mjini vilifika kumi na saba. Safari ya pili Leonard alikwenda polepole mpaka konokono akatupigia makofi tupishe njia, vikafika ishirini. Wanawake wakasema basi, bora warudie kubeba kichwani.

Ndipo ikaja habari ya Saba Saba. Huo ulikuwa mwaka wa sabini na tano, wanasema wanaojua kuandika. Kila kijiji kilitakiwa kupeleka mjini kazi ya mikono yake ionekane na watu. Sisi tuliamua kupeleka vyungu sitini, pamoja na mtungi mmoja ambao Filomena aliujenga kwa miezi miwili, akikesha nao kama mgonjwa. Mkutanoni Mwenyekiti akasimama, akamgeukia Leonard.

"Ndugu Leonard, mara mbili tumekuvumilia. Vikivunjika mara ya tatu, tena mbele ya mkoa mzima, ufunguo utauweka mezani. Kijiji cha bondeni wanaiomba pikapu hii kwa ajili ya mpunga wao, na dereva wanaye. Wewe utarudi kwenye jembe."

Mama yake Leonard alikuwa amekaa pembeni yangu. Akanong'ona, "Mungu awasaidie nyani."

Leonard akaketi akiipapasa spana mfukoni. Lakini mimi nilimwona uso, na niwaambie, mtu huyo ukimnyang'anya gari umemkata mikono. Siku tatu alizunguka pikapu akiitazama. Siku ya nne alikuwa amekaa kando ya njia ya mtoni, nami niko jirani nafua, Filomena akapita na mtungi wa maji kichwani, mikono yote miwili iko chini. Mbele yake palikuwa na jiwe. Akalipanda, akashuka, akaendelea.

"Mtani, hebu rudi," Leonard akasema. Ukoo wetu na wake ni watani, kwa hiyo ndivyo tulivyoitana.

"Nirudi na mtungi kichwani? Umekula nini leo?"

"Rudi upite tena kwenye lile jiwe."

Filomena akarudi, akapita. Leonard akalala chini kabisa, shavu kwenye majani, akamwambia apite tena.

"Mtani, ukitaka kunichungulia sema tu," Filomena akasema. "Mara ya tatu hii, ya nne utaninunulia viatu."

"Natazama mtungi. Mtungi haujui kama umevuka jiwe."

"Utajuaje? Magoti ndiyo yanayojua. Wewe ulidhani tunabeba kwa kichwa?"

Leonard akainuka kama aliyeumwa na siafu. "Gari letu halina magoti," akasema. "Kanubhai aliyakaza yote." Akaondoka mbio, spana inamgonga pajani, hata kuaga hakuaga.

Kazi ilifanyika kwenye kiwanja cha Maneno, mhunzi wetu, kesho yake asubuhi. Niliwapelekea ndizi za kupika, nikakaa, maana kutazama watu wakihangaika ni kazi ninayoiweza. Waliinua gari kwa jeki, wakalikalisha juu ya magogo. Springi zilikuwa zimefungwa kwenye ekseli, kile chuma kinachounganisha magurudumu ya nyuma, kwa bolti zilizokunjwa kama kwato ya punda, na kutu ilikuwa imezila. Leonard akazimwagia oili chafu, akangoja, akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mwingi. Maneno akaning'inia juu yake. Nati ya kwanza ilipolegea ilipiga kelele, na bundi waliokuwa wamelala Turiani wakaamka.

Akatoa majani matatu kila upande, akabakiza manne. Sasa zile bolti zikawa ndefu kuliko kinachofungwa. Leonard alikuwa amelifikiria hilo. Kwenye gari lile ekseli hukaa juu ya springi, kwa hiyo chochote utakachokiweka katikati yake kinalishusha gari zaidi. Maneno akamkatia vipande viwili vya chuma kizito, sawasawa kama mapacha, vikaingia pale, bolti zikakaza. Huko mbele hakuna mabapa, kuna vyuma viwili virefu vilivyojinyonga kama nguo inayokamuliwa. Leonard akazungusha nati zake nusu duara, nusu duara, akipima kutoka ardhini kwa kamba ya mgomba yenye fundo, mpaka kulia na kushoto pakalingana.

Jeki ikaondolewa. Pikapu ikashuka. Mimi nikangoja isimame, nayo bado inashuka. Ilipotulia ilikuwa imekaa chini kama kuku anayetamia, mabawa yamefunika miguu. Leonard akaweka mkono kwenye bodi ya nyuma, akasukuma. Ikainama, ikainuka mara moja, ikatulia. Akacheka peke yake. Sijawahi kumwona akicheka kabla ya hapo, na nilishangaa kuona ana meno mazuri vile.

Watu walikuja mbio. Mmoja akasema wameivunja mgongo. Mwingine akasema imekufa, na hapo nikapata la kufanya.

Msio wa huku niwaeleze. Wenzetu wa ukoo wa utani wakifiwa, sisi ndio tunaocheka msibani. Tunavaa nguo za marehemu, tunaiga alivyokohoa, tunawatukana wafiwa mpaka wanasahau kulia. Na maiti haitoki ndani mpaka watani tumepewa haki yetu, kuku au chochote tutakachotaja. Nikawaita wanawake wa ukoo wetu. Tukaifunika pikapu kanga, tukajipaka majivu ya Maneno, tukaanza kuomboleza.

"Ee pikapu," nikalia, "umetuachia nani, na vyungu vyetu bado vibichi!" Nikaiga inavyowaka asubuhi, ile ya kukohoa mara tatu na kunyamaza. Filomena akalala kifudifudi kwenye bodi akisema anataka azikwe nayo. Leonard akaketi kwenye gogo kama mfiwa, akiomba tusikwaruze rangi.

Mwenyekiti akatokea katikati ya kilio, ametoka mkutanoni Mkuyuni, jasho linamtiririka. Akaitazama pikapu iliyokaa chini. Kisha akaona majani sita ya chuma yameegemezwa kwenye ukuta wa Maneno, na Maneno kasimama kando yake na nyundo. Nyote mnajua wahunzi wanavyokipenda chuma cha springi.

"Ndugu Maneno," akauliza taratibu, "jani moja hili linatoa miundu mingapi?"

Maneno ni mtu asiye na hila hata kidogo. Akalichukua moja, akalipima kwa jicho. "Miwili, Ndugu Mwenyekiti. Na kisu kidogo, ukikata vizuri."

Nilitamani kumfunika Maneno kwa kanga pia.

"Kwa hiyo mali ya kijiji inageuzwa miundu ya kuuza," Mwenyekiti akasema. "Ndugu Leonard, ufunguo. Kesho namwita dereva wa bondeni aje aichukue."

"Nipe safari moja tu, Mwenyekiti. Nimeishusha ili vyungu vifike."

"Gari la milimani unalishusha? Safari ya wapi hiyo, makaburini?"

Leonard akatoa ufunguo. Mimi nikaona nikichelewa hapo mambo yameisha, nikapanda nikakaa juu ya boneti, majivu usoni.

"Umesema makaburini, mtani?" nikauliza. Maana Ramadhani Mwislamu na Leonard Mkatoliki ni ukoo mmoja kwa upande wa mama, na ndugu yangu, utani hauulizi unasali wapi. "Nani kakuruhusu kumtoa marehemu kabla hatujapata haki yetu?"

"Bi Martina, shuka. Hilo ni gari."

"Tumelilia tangu saa nne. Machozi yameshatoka. Utayarudisha wewe?"

Wanawake wakapanda mmoja mmoja, wakajaa kwenye bodi. Watu walikuwa wanacheka, lakini hakuna aliyethubutu kutushusha. Mwenyekiti akajifuta jasho.

"Haya, semeni haki yenu. Kuku wawili?"

"Kuku tunao. Tunataka marehemu atupeleke Saba Saba, na vyungu vyote sitini, na dereva wake huyu huyu."

Akageuka kuwatazama wazee wa ukoo wake. Mjomba wake, mzee ambaye kwa kawaida alikuwa kiziwi, siku hiyo alisikia kila kitu. "Wameomba," akasema. "Ukiwanyima, siku yako watakaa kwao. Utazikwa kimya kama mbwa."

Mwenyekiti akamrudishia Leonard ufunguo. "Safari moja," akasema. "Nami nitakaa mbele, nikiona kwa macho yangu."

Tuliondoka asubuhi ya siku ya maonyesho, vyungu vimelazwa kwenye majani makavu ya migomba, Filomena kaukumbatia mtungi wake kama mchumba, mimi kwenye kona na kapu la kuku. Nilijikaza. Nilishika bodi kwa mikono miwili na kwa meno nikashika kanga. Jiwe la kwanza linakuja, nikafumba macho.

Mbele Mwenyekiti akapiga ukelele. "Unaligonga!"

"Nalikanyaga," Leonard akasema.

Zamani mawe aliyapitisha katikati ya magurudumu. Sasa tumbo la gari liko chini, kwa hiyo alipandisha tairi juu ya jiwe, taratibu, kama mtu anavyokanyaga ngazi. Upande wangu ukainuka, ukakunja goti, ukashuka. Vyungu vikasema "mmh" kwa pamoja, kama waumini, vikanyamaza. Nikafumbua jicho moja. Hakuna aliyekuwa hewani, si mimi wala chungu.

Palipokuwa na korongo la mvua tulishuka wote, hata Mwenyekiti, tukalijaza mawe na magogo ya migomba, maana pale tumbo lisingepita. Alibeba magogo mawili akinung'unika. Kisha ikaja ile kona kali ya mteremko, ambapo zamani gurudumu moja la nyuma lilikuwa likiinuka kusalimia bonde. Lori lilikuwa linapanda kwa kasi, limeshika njia nzima. Leonard akakanyaga breki, akakata usukani kuelekea ukutani mwa mlima. Nilianza kutaja majina ya watoto wangu. Pikapu ikalala upande kidogo, ikaing'ang'ania barabara kama kupe, lori likapita na vumbi lake, na magurudumu yote manne yalikuwa chini. Mtungi mkubwa uliegemea kifua cha Filomena, ukarudi mahali pake.

"Vipi huko nyuma?" Leonard akauliza dirishani.

"Endesha, mtani," Filomena akajibu. "Usiniamshie mtoto."

Baada ya Mkuyuni nilisinzia. Kuku wangu alitaga njiani, na yai lilifika zima, nalo likaanguliwa jogoo asiyeyumba hata kwenye upepo. Mjini vijana waliokuwa wamekaa barazani walituona, wakaanza.

"Bibi, gari lenu limekaa kitako, limechoka?"

Siwezi kuachia maneno kama hayo. Nikasimama kuwajibu kwamba limekaa kwa sababu limefika, na wao wasimame watafute kazi. Walicheka, nikacheka, nikaketi tena. Nilipoketi nilisikia mlio mdogo chini yangu. Sikusema kitu.

Uwanjani Mwenyekiti hakutaka mtu mwingine ahesabu. Alishusha vyungu mwenyewe, kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti, na watu wa vijiji vingine wakasogea. Thelathini, vizima. Arobaini na tano, vizima. Mtungi mkubwa ukashushwa na watu wanne, Filomena akaugonga kwa kidole, ukalia kama kengele. Leonard alikuwa amesimama ameshika spana mfukoni. Hamsini na tisa. Kisha Mwenyekiti akainua majani ya mwisho, kwenye kona yangu, akatoa chungu cha mboga kilichopasuka katikati.

"Kimoja," akasema, akamgeukia Leonard.

Leonard akainamisha kichwa. Nimesema uongo mwingi katika maisha yangu, lakini ule ningeusema kwa kunyamaza, na kunyamaza sijawahi kukuweza.

"Hicho nilikikalia," nikasema. "Nilipokuwa nawajibu wale vijana."

Filomena akakichukua chungu, akakitazama, akanitazama mimi makalio. "Kweli," akasema. "Barabara haipasui hivi. Hii ni kazi ya Martina."

Mwenyekiti alijitahidi asicheke, mabega yakamsaliti. Kabla hajasema neno tukasikia kelele nyuma ya pikapu. Madereva watatu kutoka Turiani walikuwa wamelala kifudifudi na mashati yao meupe ya sikukuu, wanachungulia springi. Mkubwa wao akatoa kichwa.

"Shikamoo, Mzee. Aliyeishusha hii ni nani? Sisi tunabeba mayai kutoka kwetu, tunafika na uji. Tuazimeni mtu huyu mwezi mmoja, hata miwili, tutamlisha."

"Huyo ni dereva wetu," Mwenyekiti akasema. "Ana kazi."

"Hata baada ya mavuno?"

"Baada ya mavuno pia ana kazi. Vyungu vyetu nani atavileta?"

Leonard mwenyewe alikuwa ameshaingia chini ya gari, viatu tu ndivyo vinaonekana, akiwaeleza jinsi nati ya mbele inavyozungushwa nusu duara. Sidhani alisikia kwamba kazi yake imebaki. Mwenyekiti naye aliona hivyo. Akakunja kanzu yake, akainama mpaka kichwa kikaingia chini ya bodi, akarudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi.